Uwongo wa Bawabu

Miongoni mwa maonyo ya Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, yaliyohifadhiwa na Abu Daud na Tirmidhi katika vitabu vyao, limo moja ambalo, lau lingeshikwa kwa dhahiri yake tu bila ya kutazamwa lilivyofahamiwa na wajuzi, lingetosha kulifunga kila jumba la michezo na kuizima kila runinga iwashwayo baada ya chakula cha usiku katika nchi hii: nalo ni lile linalomtakia maangamizi, kisha likarudia, kisha likarudia tena, mtu asemaye uwongo ili watu wapate kucheka. Hapo hakutajwa mwizi wala mla riba, ametajwa mchekeshaji. Na kwa kuwa katika zama zetu mchekeshaji mkuu si yule tumwonaye usoni peke yake, bali ni mtayarishaji, yaani yule anayekibuni kisa, akawakusanya waigizaji, akawalipa ujira wao, akaamua lipi lisemwe na lipi likatwe, basi ikiwa kuna dhima katika kazi hii, ni yeye wa kwanza kuulizwa.

Swali hili ni la zamani, lakini kuna mahali ambapo haliwezi kubaki vitabuni. Baba Dogo ni mtaa wa mashariki ya Nairobi, katika eneo bunge la Ruaraka, jirani na Korogocho, Lucky Summer na Utalii, na barabara yake inaachana na ile ya Outering ikapenya katikati ya viwanda vya nguo, vya plastiki na vya vyuma, kila kimoja kina ukuta wake, lango lake la bati zito na kibanda cha bawabu, ambaye kwa lugha ya mtaa huitwa soja. Ukipita hapo mnamo saa kumi na mbili za jioni, wakati vibarua wa mchana wanapomiminika nje na zamu ya usiku inapoingia, hukosi kumwona mtu mzima aliyevaa koti la suti na viatu vilivyopigwa rangi hadi vikang'aa, amebana mkoba kwapani kana kwamba ametoka benki, akainama na kuingia kibandani. Na baada ya muda mfupi hutoka humo mtu mwingine, mwenye sweta la buluu lililochakaa viwiko, kofia yenye nembo ya kampuni na rungu mkononi. Koti limebaki kwenye msumari likingoja alfajiri, litakapomrudisha mwenyewe nyumbani akiwa na heshima ile ile aliyoondoka nayo.

Mtu huyu, ambaye kila mkaazi wa mitaa ya viwanda anamjua, ndiye aliyechukuliwa na marehemu Charles Bukeko akafanywa nguzo ya kipindi cha vichekesho cha Papa Shirandula katika Citizen TV. Bukeko, ambaye kwao ni Funyula katika kaunti ya Busia, alikuwa mtu wa jukwaa kabla ya kuwa mtu wa runinga; sura yake ilitembea katika nchi kadhaa za Afrika kwa tangazo la soda ya Coca-Cola, na alicheza pia katika filamu ya The Captain of Nakara iliyoongozwa na Bob Nyanja mwaka 2012. Lakini kazi iliyompa jina, hata jina lake la kuzaliwa likawa kama limesahauliwa midomoni mwa watu, ni hiyo ya Papa, aliyoibuni, akaisimamia na kuiigiza yeye mwenyewe kwa zaidi ya miaka 10, mpaka alipofariki tarehe 18 Julai 2020, katika mwaka ule wa korona ambapo mazishi yalifanywa kwa haraka na watu wachache. Kipindi kilikoma pamoja naye. Humo ndani Papa ni bawabu anayemficha mkewe Wilbroda, aliyeigizwa na Jacky Nyaminde, kazi anayoifanya. Na karibu kila kicheko tulichokicheka kimetokana na jinsi siri hiyo inavyokaribia kufichuka, ikasitirika kwa uwongo mwingine mkubwa kuliko ule wa kwanza, ukahitaji nao kusitiriwa.

Basi tumo katika jambo lenyewe alilolionya Mtume: uwongo, na watu wanaocheka kwa sababu yake. Lakini uwongo wa nani? Papa anamwongopea Wilbroda. Hilo halina shaka. Bukeko, naye, anamwongopea nani? Mama wa Baba Dogo aliyeketi juu ya kiti cha plastiki katika chumba kimoja cha kupanga, watoto wamejazana kitandani, jiko limesogezwa mlangoni ili moshi utoke, alijua tangu muziki wa mwanzo kwamba Papa hayupo, kwamba Wilbroda si mkewe, na kwamba kesho yake angeweza kumkuta Bukeko huyo huyo mjini akinunua gazeti. Hakudanganywa. Anayedanganywa ni Wilbroda peke yake, na Wilbroda hana nafsi ya kudhurika.

Wajuzi wetu walilitambua hilo kwa kumtazama Mtume mwenyewe, kwani alikuwa akifanya mzaha na masahaba zake, na walipostaajabu aliwaeleza kwamba hata katika mzaha hasemi ila kweli. Mtu mmoja alimjia kuomba mnyama wa kumpanda, akaahidiwa mtoto wa ngamia jike. Yule bwana akafadhaika, atamfanyia nini mtoto wa ngamia? Akaambiwa: kwani yuko ngamia asiyezaliwa na ngamia? Kisa hiki husimuliwa misikitini kama mfano wa mzaha usio na uwongo, na ndivyo ulivyo. Lakini nimekuwa nikikitazama upande wake wa pili, ambao naona umeachwa. Katika mzaha huo maneno yalikuwa kweli tupu, na msikilizaji, kwa kitambo kidogo, akafahamu lisilokuwa. Katika tamthilia ya Bukeko mambo ni kinyume chake: maneno si kweli hata moja, na hakuna msikilizaji hata mmoja anayefahamu lisilokuwa. Ikiwa la kwanza ni halali, na ni halali kwa kuwa fahamu ya yule mtu ilirudishwa kwenye haki papo hapo akacheka, basi uwongo hauko katika maneno, uko katika kile kinachoachwa moyoni mwa msikilizaji. Na la pili lina haki ya kuhukumiwa kwa mizani hiyo hiyo.

Aliyeitetea hoja hii kwa ufasaha mkubwa ni Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, katika dibaji ya Maqama zake, yaani mkusanyo wa visa vyake. Shujaa wake Abu Zayd wa Saruj ni ayari anayebadilisha mavazi na sura kila mji anaoingia, leo sheikh kipofu, kesho mhubiri anayeliza watu, na kila mara mfuko wa wenyeji hubaki mwepesi. Na Hariri, akijua kwamba watatokea wa kumlaumu kuwa ametunga uwongo, aliwakumbusha kwamba hakuna aliyewahi kuzikataa hadithi ambazo ndani yake wanyama na mawe husema, na kwamba amali hulipwa kwa nia. Abu Zayd na Papa Shirandula, ukiniuliza, ni ndugu wa baba mmoja, ila yule wa Basra hubadilisha mavazi ili ale mali ya watu, na huyu wa Nairobi hubadilisha mavazi ili asionekane kuwa anakula jasho lake mwenyewe. Tofauti hiyo si ndogo, nami nitairudia.

Wakristo, ambao ndio wengi Baba Dogo, na makanisa yao yamejipanga tangu yale ya mawe mpaka yale ya mabati yanayokesha kwa vinanda, wana sheria yao katika jambo hili, nayo imepita njia ile ile. Mtume Paulo aliwakataza Waefeso ubishi na mzaha usiofaa. Lakini Agostino wa Hippo, alipoandika kitabu chake juu ya uwongo karne ya nne ilipokuwa ikimalizika, aliuweka mzaha nje ya mlango kabla hajaanza, kwa hoja kwamba sauti na hali ya msemaji hutangaza wazi kuwa hataki kumhadaa mtu. Na Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, aliihesabu kazi ya waigizaji kuwa si haramu kwa asili yake, maadamu ni ya kuwaliwaza wanadamu na haikiuki mipaka. Imamu na padri, wakikutana kwenye kibanda cha chai pale stejini, hawatakosana sana kwa habari ya Papa.

Na tusisahau kwamba kicheko chenyewe si jambo la kuombewa radhi. Jahiz, naye wa Basra, alipokitunga kitabu chake juu ya mabakhili yapata karne mbili na nusu kabla ya Hariri, alianza kwa kukitetea kicheko kwa Qurani, kwani katika Sura ya Najm Mungu amejinasibisha na kuchekesha kama alivyojinasibisha na kuliza, na Waarabu, asema, huwaita watoto wao majina ya kucheka na kutabasamu kwa kutaraji kheri. Kwa hivyo anayesema kwamba mtu wa dini hapaswi kucheka anamnyima Muumba moja ya sifa zake.

Lakini ipo hadaa katika vichekesho vya runinga ambayo naona lile onyo la ole linaifikia sawasawa, na ambayo sijasikia khatibu yeyote akiitaja. Katika miaka ya 1950 fundi mmoja wa sauti wa kampuni ya CBS ya Marekani, Charles Douglass, alitengeneza mashine yenye vicheko vilivyorekodiwa, kikubwa, kidogo, cha mwanamke, cha umati, na kwa kubonyeza vitufe akaweza kuweka mahali popote katika kipindi kicheko ambacho hakuna mtu aliyekicheka. Mtazamaji akisikia umati ukicheka, naye hucheka, kwa kuwa mwanadamu hapendi kuachwa nyuma na wenzake. Huyu sasa ndiye aliyedanganywa: ameaminishwa kwamba wako watu, nao hawapo, na kwamba jambo limewachekesha, nalo halikumchekesha yeyote. Maneno ya mwigizaji yalikuwa uwongo ulio wazi. Kicheko kilichobandikwa ni uwongo uliofichwa, na umewekwa kwa ajili hasa ya kumchekesha asikilizaye. Mtayarishaji anayeitumia mashine hiyo na mfano wake bila ya kutuambia ana kazi ya kujitetea kuliko yule aliyembuni bawabu mwongo.

Jambo la pili la kuulizwa mtayarishaji ni habari ya malipo. Katika Madina alikuwako sahaba mcheshi aitwaye Nuayman, ambaye kila mfanyabiashara alipoingia na kitu kizuri cha kuliwa alikichukua kwa deni, akampelekea Mtume kuwa ni zawadi, na mwenye mali alipokuja kudai, Nuayman akamleta kwa Mtume alipwe. Na Mtume akacheka, akalipa. Kisa kitamu, lakini utamu wake wote umesimama juu ya lile neno la mwisho, kwamba mwenye mali alilipwa. Lau angeondoka mikono mitupu kisa kingekuwa cha dhuluma, na hakuna ambaye angekisimulia. Sisi katika Afrika Mashariki tumewaona waigizaji wakongwe waliotuchekesha miaka na miaka, na siku walipougua ikabidi umma upitishe bakuli. Nao hawakuwa wavivu wala wabadhirifu wote. Dini inayotaka kibarua alipwe kabla jasho lake halijakauka haikumtoa katika hukumu hiyo mtu ambaye jasho lake linatoka chini ya taa za studio.

Nimeyasema hayo kwa ufupi kwa kuwa zito zaidi liko mbele. Hata tukimvua mtayarishaji shitaka la uwongo, linamngoja shitaka la dhihaka, nalo halina njia rahisi ya kutokea. Sura ya Hujurat imekataza watu kuwadharau watu wengine kwa kuwacheka, kwa kuwa huenda hao wanaochekwa ni bora kuliko wanaocheka. Vichekesho vya Kenya tangu siku za Sauti ya Kenya vimekula sana katika sahani ya lafudhi: Mluhya, Mkisii, Mkikuyu, Mmeru, kila mmoja na namna anavyoipinda herufi, mtazamaji akamtambua kabla hajamaliza sentensi. Marehemu Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu aliyeigiza Mjaluo, Mzee Ojwang Hatari wa Vitimbi, akawa kipenzi cha nchi nzima, Wajaluo wenyewe wakiwa mbele. Katika miaka hiyo hiyo ya Vitimbi, hasa baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, makabila hayo mawili yalimwaga damu, na zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini, Mathare iliyo jirani na Baba Dogo ikiwa miongoni mwa mahali palipochafuka. Lafudhi ile ile iliyochekwa Jumatatu ilitosha wakati huo kumtambulisha mtu kwenye kizuizi cha barabarani. Simlaumu Ojwang hata kidogo. Nasema tu kwamba kuiga lafudhi ni kama kisu cha jikoni, na mtayarishaji ndiye anayeamua ampe nani.

Kwa Bukeko mambo yana pande mbili. Kwa upande mmoja, hakumwiga mgeni: alitoka magharibi ya nchi, kwa Waluhya, na Papa wake anatoka magharibi, na mtu akijicheka mwenyewe hana wa kumshitaki. Kwa upande mwingine, Nairobi ilikuwa tayari na tabia mbaya ya kudhani kwamba Mluhya akija mjini hupewa rungu au mwiko, alinde lango au apike. Na kipindi kinachomweka langoni kila wiki hakikuivunja dhana hiyo, huenda kimeipigilia msumari. Nimesikia watoto wa mtaa wakimwita bawabu wa kiwanda Shirandula, naye hakuwa mtu wa magharibi, na wala hakucheka. Akaangalia pembeni, akaendelea kuandika namba ya lori katika daftari lake.

Hapa ndipo mafakihi wanapotusaidia zaidi kuliko wanavyodhani wenyewe, kwa ile kanuni yao ya kuzigawa haki mafungu mawili, haki za Mungu na haki za waja. Uwongo, kama ungekuwapo, ungekuwa baina ya Bukeko na Mola wake, na toba ingeufuta. Dhihaka ni haki ya mja. Mungu, kwa uadilifu wake, hamsamehei mtu kwa niaba ya mwingine aliyevunjiwa heshima. Kwa hiyo fatwa ya kipindi hiki haiko kwa mufti wala kwa halmashauri ya serikali inayotoa vibali vya filamu, iko kwa yule anayevua koti jioni katika kibanda cha lango. Yeye ndiye mwenye haki ya kusema kama ametukanwa au ameliwazwa.

Na nikimtazama Papa kwa macho ya bawabu huyo, narudi kwenye ile tofauti baina yake na Abu Zayd. Papa haongopi ili apate. Anaongopa ili asishushwe. Tunachokicheka si kazi yake, kwa kuwa kazi yenyewe inaonyeshwa kuwa kazi, yenye mshahara unaonunua unga na kulipa karo; tunacheka jitihada kubwa za mtu mnene, mpole, anayehangaika kuificha kazi isiyohitaji kufichwa. Mwenye kuaibishwa na kisa hicho, ukikipima vizuri, ni mji uliomfundisha mzee wa watu kwamba suti ni utu na sare ni fedheha, mpaka akaamua kumficha mke wake lile lililompa haki ya kuitwa baba. Waandishi wa zamani wangeliita tendo hilo la Papa kujisitiri, na sitara katika mila za pwani si dhambi. Ila sitara ikivuka kizingiti cha chumba cha mume na mke huwa tena ni hadaa, na hilo Bukeko alilijua, ndiyo maana hakumwachia Papa apumzike hata mara moja.

Ulamaa waliozungumzia kafara ya kusengenya walisema kwamba aliyemsema mtu vibaya na sasa hawezi kumfikia kumwomba radhi, amwombee maghufira, na amtaje kwa wema katika baraza zile zile alizomvunjia heshima. Bukeko hawezi tena kuzunguka malangoni mwa Baba Dogo kuomba radhi. Lakini katika baraza ile ile, yaani katika kipindi kile kile, mara nyingi alimtaja bawabu kwa wema: kama rafiki asiyemtupa mwenzake, kama mume anayempenda mkewe kiasi cha kuogopa kumpungukia machoni, kama mtu ambaye wakubwa wake, wenye ofisi na tai, hawana lolote la kumzidi ila ufunguo wa lango analolinda yeye. Na zipo siku ambazo hakufanya hivyo, ambapo mwandishi alikuwa na haraka au kisa kilikuwa kimekauka, na bawabu akaachwa awe mjinga tu ili dakika zijae. Kwa sababu hiyo sioni fatwa moja inayoweza kukienea kipindi kizima. Vipo visa ambavyo ningemshuhudia Bukeko mbele ya kadhi yeyote bila ya kusitasita, na vipo viwili vitatu nilivyovizima kabla havijamalizika.